Claremont, Missoula na bei ya kumiliki bomba

Novemba 2014 wapiga kura wa Claremont, mji wa watu wapatao 35,000 mashariki mwa Los Angeles, waliliruhusu baraza lao likope hadi dola milioni 135 ili liununue mfumo wa maji wa mji kutoka kampuni binafsi ya Golden State Water. Zaidi ya asilimia 70 walisema ndiyo. Kampuni ilikuwa imeshasema haiuzi, kwa hiyo mwezi uliofuata mji ukafungua kesi kuomba utwae visima, matangi na mabomba kwa nguvu ya sheria, na kulipa fidia. Miaka miwili baadaye mji ukashindwa. Ukatakiwa kubeba hata gharama za mawakili wa kampuni, zaidi ya dola milioni 7, mbali na mamilioni uliyokuwa umewalipa mawakili wake wenyewe.

Ni rahisi kuwacheka madiwani wa Claremont baada ya matokeo. Mimi siwacheki, kwa sababu hasira iliyowasukuma ilikuwa na msingi, na ukiisoma bili yenyewe unaiona.

Bili ya pale haihesabu lita. Inahesabu uniti, na uniti moja ni futi za ujazo 100, karibu lita 2,830. Kuna gharama ya kudumu inayotegemea ukubwa wa mita, kisha bei ya kila uniti, kisha tozo za ziada. Tozo iliyowachoma watu zaidi ilitokana na utaratibu unaoitwa WRAM. Kampuni ilikadiria itauza maji kiasi gani kwa mwaka na kupangiwa bei kwa makadirio hayo. Watu walipotumia pungufu, pengo la mapato lilikuja kudaiwa baadaye kama nyongeza kwenye bili. Sasa mwangalie mkazi aliyeacha majani ya bustani yake yakauke kwa sababu ya ukame, akafupisha muda wa kuoga, akaziba kila tundu, halafu anafungua bahasha na kukuta tozo ya kufidia maji ambayo hakuyatumia. Mwaka 2015, Gavana wa California, Jerry Brown, alipoagiza matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25 jimbo zima, utiifu na adhabu vilionekana kama kitu kimoja.

Kampuni ina jibu, na si jibu la hovyo. Gharama nyingi za maji hazishuki matumizi yakishuka. Bomba la chini ya barabara linagharimu kiasi kilekile, maji yawe mengi au machache. Bila utaratibu wa namna hii, kampuni ingekuwa na kila sababu ya kuomba watu waendelee kumwagilia. Shirika la umma nalo huwa na shida hiyohiyo. Lenyewe hupandisha bei tu mwaka unaofuata, bila kuipa nyongeza hiyo mstari wake kwenye bili. Kwa hiyo kosa si hesabu. Kosa ni kwamba hatari yote ya biashara ilimwangukia mteja, huku kampuni ikiendelea kupangiwa faida juu ya mtaji wake kana kwamba hatari hiyo ni yake.

Lalamiko la pili la Claremont lilikuwa bei ya kanda. Mji huo umewekwa kundi moja na maeneo kama Barstow, kule jangwani, na gharama za wote hugawanywa. Wanaofaidika huuita mshikamano. Claremont waliona wanalipia mabomba ya watu wasiowajua. Hapa naegemea kidogo upande wa kampuni na Tume ya Huduma za Umma ya California, CPUC, inayoidhinisha bei: miji midogo ya jangwani ikiachwa ijilipie yenyewe, bili zake zingeumiza kweli. Lakini mkazi wa Claremont hakuulizwa, na diwani wake hana kura ndani ya CPUC.

Hapo ndipo wazo la kununua linapovutia. Mji hautoi gawio kwa wanahisa, haulipi kodi ya mapato, na hukopa kwa hatifungani zenye riba nafuu. Haya yote ni kweli. Linalosemwa kwa sauti ya chini majukwaani ni kwamba hatifungani hizo hulipwa na watu walewale, kupitia bili ileile ya maji. Tena bei ya kuununua mfumo haipangwi na baraza. Claremont ilikuwa imetoa ofa ya takriban dola milioni 55; ukomo wa mkopo ulioombwa kwa wananchi ulikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Pengo hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu auulize mkutano wa hadhara: tukilipa bei ya juu, bili itashuka lini?

Missoula, katika jimbo la Montana, walipita njia hiyohiyo na wakashinda. Si kwa mara ya kwanza: miaka ya 1980 mji huo ulijaribu ukashindwa. Mwaka 2011 kampuni yake ya maji, Mountain Water, iliangukia mikononi mwa Carlyle, kampuni kubwa ya uwekezaji. Meya John Engen alifungua kesi mwaka 2014, na kabla haijaisha Carlyle ikauza hisa zake kwa kampuni nyingine kutoka Kanada. Mji ulikuwa umetoa ofa ya dola milioni 65. Thamani iliyoamuliwa ilikuwa milioni 88.6. Mahakama ya Juu ya Montana iliunga mkono mji mwaka 2016, na mfumo ukakabidhiwa Juni 2017.

Missoula nao walizungumzia bei, lakini kesi yao ilisimama juu ya mambo mazito zaidi. Karibu nusu ya maji yaliyosukumwa yalikuwa yakipotelea ardhini kwa mabomba mabovu, na huduma ya lazima ilikuwa ikiuzwa na kununuliwa na wawekezaji wa mbali kama kiwanja. Claremont walikuwa na bili kubwa, lakini maji yalitoka, yalikuwa safi, na mpango wa mji ulikuwa kumkabidhi jirani yake, mji wa La Verne, kazi ya kuyaendesha. Ukimwambia hakimu kwamba unataka kumnyang'anya mwendeshaji mwenye uzoefu ili umpe jirani, lazima uonyeshe wananchi watapata nini zaidi ya matumaini ya bei.

Wasomaji wa Dar es Salaam watakumbuka City Water, kampuni binafsi iliyoendesha maji ya jiji, iliyoingia 2003 na kufukuzwa Mei 2005. Kwa mabomba, tofauti ni kubwa: Dar es Salaam yalibaki mali ya DAWASA, mamlaka ya umma ya maji, na kampuni ilikodishiwa uendeshaji, kwa hiyo kilichovunjwa ni mkataba. Hata hivyo mabishano ya kisheria yalidumu miaka, na mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa waliamua kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa mwekezaji, ila hawakumpa fidia.

Kwa maoni yangu, baraza la mji lisiende mahakamani kwa sababu ya bili peke yake. Liende likiwa na rekodi za uvujaji, umri wa mabomba na mpango wa nani atashika spana siku ya kwanza. Kabla ya hapo kuna ukumbi wasioupenda wanasiasa kwa sababu hauna shangwe: shauri la bei mbele ya CPUC, kila miaka mitatu, ambako mji unaweza kuingia kama mhusika, ukaajiri mhasibu wake na kupinga mradi mmoja mmoja. Nao si mteremko. Tume ilipoamua mwaka 2020 kuiondoa WRAM, kampuni zilienda mahakamani, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ya California ikautengua uamuzi huo, kwa hoja kwamba suala hilo halikutangazwa ipasavyo tangu mwanzo wa shauri.