Maduka Mapya Bila Steji Ni ya Nani?

Jana asubuhi nilisimama mbele ya uzio wa mabati, si mbali na Old Taxi Park, paki kongwe ya taksi hapa Kampala (taksi zetu ni zile basi ndogo za abiria), nikatazama mchoro wa jumba la maduka litakalochukua nafasi ya vibanda na maghala tuliyoyazoea. Mchoro ni mzuri, sikatai. Ghorofa zina vioo, miti imepandwa, magari madogo yamepangwa kwenye mistari, watu wanatembea na mifuko ya manunuzi. Nikatafuta taksi hata moja, hamna. Nikatafuta basi, boda boda, mtu mwenye gunia kichwani, hamna. Nimeondoka pale na hasira, na mpaka sasa haijaniisha.

Mimi nauza nguo huku chini. Najua wateja wangu wanafikaje. Kuanzia mtaa wa jumla wa Kikuubo mpaka soko la Owino, wengi wanaonunua hawana gari. Wanashuka taksi, wanatembea, wanalinganisha bei, wananunua, wanarudi steji, pale taksi zinaposhusha na kupakia. Ukitaka kujua thamani ya chumba cha biashara Kampala, usiulize kimepakwa rangi gani, uliza steji iko wapi. Chumba cha chini kinachotazama steji kinagombewa. Cha ghorofa ya nne, kwenye akedi hiyohiyo, yaani jengo hilohilo la maduka, kinageuzwa stoo.

Na haya hatukuhadithiwa. Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa kwa sababu ya korona, na mwaka huohuo Old Taxi Park ikafungwa ijengwe upya. Mwezi wa Juni taksi zikaruhusiwa kurudi barabarani, zikibeba nusu ya abiria, nazo zikatawanywa kwenye paki za USAFI, Kisenyi na kwingineko. Maduka yaliyozoea kuuza tangu alfajiri yakanyamaza. Jirani yangu muuza viatu hakubadilisha bidhaa wala bei, tena alikuwa anafungua mapema kuliko sisi sote. Kilichohama ni steji, na wateja wake wakahama nayo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba njia za taksi ni jambo la kupangwa baadaye, maduka yakishakamilika, naona hajawahi kukaa nyuma ya kaunta hata siku moja.

Shida yenyewe ni kubwa kuliko jengo moja. Karibu kila njia ya taksi katika mji huu inaanzia bondeni, huku kwenye paki za katikati ya mji, na kuishia bondeni. Dada yangu anaishi Natete na kazi yake iko Ntinda. Hakuna taksi ya kumpitisha moja kwa moja. Analipa nauli mpaka mjini, anashuka, anakata katikati ya wachuuzi na boda boda, kisha anaingia taksi ya Ntinda na kukaa mpaka ijae. Taksi ni ya abiria 14, na dereva haondoki na viti vitupu kwa sababu jioni tajiri wake, mwenye gari, anadai hesabu kamili. Simlaumu dereva. Lakini kila anayevuka mji analazimika kuingia humu hata kama hana la kununua, na kila taksi inalala humu ikisubiri watu. Aliyesimama Wandegeya jioni naye anaziona taksi zikipita zimejaa tangu paki, hana pa kupanda. Mvua ikinyesha, nauli inapanda palepale, na kondakta hana hata haja ya kueleza kwa nini.

Sasa kwa nini taksi za Natete zisipite mjini, zishushe, zipakie, ziendelee mpaka Nakawa? Za Kibuye zitokee Bwaise? Anayetaka kununua atashuka hapahapa kwetu kama kawaida, na asiye na haja atapita salama aende kazini. Mimi mfanyabiashara sihitaji taksi ilale mlangoni kwangu tangu saa tatu mpaka saa sita. Nahitaji ishushe watu karibu, na ishushe mara nyingi. Eneo ambalo leo limefunikwa na mabati ya magari yanayosubiri lingetosha kwa njia pana za miguu, vyoo safi, mahali pa kupakia mizigo, na hata hizo ghorofa zenye vioo, kama tajiri anazitaka sana.

Najua kuna watakaoumia. Mkaanga rolex, chapati ya mayai, muuza maji, kijana wa chaji za simu, hawa wanaishi kwa abiria anayesubiri taksi ijae. Hilo nalikubali kwa shingo upande, kwa sababu kusubiri kwenyewe ni muda wa mtu unaopotea, lakini nalikubali. Wapewe nafasi kwenye vituo vipya kabla mtu mwingine yeyote, na iandikwe. Nakubali pia kwamba majengo ya zamani yamechoka. Ngazi ni nyembamba na nyaya zimening'inia. Owino iliungua 2009, ikaungua tena 2011, na waliopoteza mtaji pale hawajasahau. Anayetaka kujenga upya ana sababu. Ugomvi wangu ni kwamba anajenga kana kwamba sisi tutafika kwa kuruka.

Kuna mama mmoja mteja wangu kutoka Bunia, Kongo, anakuja kununua vitenge na nguo za watoto. Basi lake linamshusha Kisenyi. Wiki iliyopita alimaliza manunuzi, akafunga robota mbili kwa kamba ya mpira, akamwita mpagazi. Mvua ilikuwa imenyesha na Mtaro wa Nakivubo ulikuwa umetapika, maji meusi yamefika kwenye ngazi za maduka. Nikamwambia, "Mama, kaa kidogo maji yapungue." Akakunja gauni mpaka magotini, akavua viatu akavishika mkononi. "Mwanangu, basi halitaningoja." Mpagazi akatangulia na robota kichwani, mguu mmoja unapapasa chini kabla ya kukanyaga, maana mifuniko ya mitaro mingine haipo. Nilimwangalia mpaka akapotelea kwenye umati. Mama huyu, na wenzake wa Juba na Goma, ndio wanaolipa kodi za maduka haya. Ndio maana Kiswahili kinasikika kila kona ya Kisenyi. Kwenye ule mchoro hayumo, wala robota zake hazina mlango.

Mtu atasema dawa ni mabasi makubwa. Sawa, yaje. Mabasi ya Pioneer yalianza Machi 2012, watu wakayapanda kwa furaha, na mwaka uliofuata yakasimama kwa mgogoro wa kodi ya serikali. Hata yalipokuwa yanatembea hayakuwa na njia yake, yalikaa kwenye jamu ileile na taksi. Mabasi ya mwendokasi tumeyazungumza zaidi ya miaka kumi. Wenzetu wa Dar es Salaam walianza 2016, wakaweka kituo Gerezani, Kariakoo, ambako mnunuzi anashuka na kuingia sokoni kwa miguu. Nasikia malalamiko yao ya msongamano na ya kusubiri, na ni malalamiko ya kweli. Lakini angalau kituo kilipelekwa kule kwenye soko. Treni ya Namanve nayo inasaidia wa upande wa Kireka, basi. Boda boda hazitaondoka, zipewe mahali pake.

Michoro ya majengo inapitishwa na KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Leseni za taksi zinatoka wizara ya ujenzi na uchukuzi. Naomba hao wawili wakae meza moja kabla mtu hajachimba msingi, na wawaite madereva, wapagazi na sisi wapangaji, kwa sababu sisi ndio tunaojua saa ngapi mtaa unajaa na mzigo unapita wapi. Mwenye jengo aonyeshe abiria watashuka wapi, watatembea wapi, robota litapita mlango gani, na mvua ikinyesha maji yataelekea wapi. Asipoonyesha, asipewe muhuri. Sioni kama hilo ni kumwonea.

Na ninyi wenzangu mliokwisha kupigiwa simu mkaambiwa mlipe kodi ya miezi kadhaa mbele ili mshikiwe chumba katika jengo jipya, nawasihi, msitoe shilingi bado. Ulizeni steji itakuwa wapi jengo likikamilika, na nani ameidhinisha. Jibu lije kwa maandishi, lenye saini. Akikwambia hilo litajulikana mbele ya safari, rudi nalo swali hilohilo wiki inayofuata, na uje na jirani zako wote wa akedi.