Mkongwe hapimwi kwa smashi: ubishi wetu wa Lin Dan

Mashabiki wa mpira wa vinyoya hapa Nakuru wana ubishi mmoja usiozikika, ingawa mwenyewe alitundika raketi tangu Julai 2020: je, Lin Dan alikaa uwanjani kupita kiasi? Kila mkongwe mwingine akiyumba, awe Viktor Axelsen wa Denmark na mgongo wake au Carolina Marín wa Uhispania na magoti yake, mjadala unarudi kwa Mchina huyo. Anatajwa kama wakili anavyotaja kesi ya zamani.

Vijana husema angeondoka baada ya Rio 2016. Dhahabu mbili za Olimpiki alikuwa nazo, Beijing 2008 na London 2012, na mataji matano ya dunia juu yake. Alitafuta nini tena? Watu wa rika langu nao humtetea, ila utetezi wao mara nyingi ni methali tu: jungu kuu halikosi ukoko. Ukiwabana zaidi wanakwambia, "Lakini smashi bado alikuwa nayo!"

Mimi niko upande wa wazee, lakini hoja yao ya smashi siitaki hata kidogo. Smashi, lile pigo la nguvu la kushusha kinyoya, ndiyo hukawia kumwacha mchezaji. Kinachotangulia ni miguu, nayo haiondoki kwa mpigo. Jumanne inaitika, Jumatano inaitika, Ijumaa inagoma. Ndiyo maana mkongwe anaweza kumwangusha yeyote katika mechi moja na bado fainali asiione.

Ukitaka kujua hali ya mwili wake, tazama seti ya pili. Kule Rio, nusu fainali na Lee Chong Wei wa Malaysia, Lin Dan alichukua ya kwanza 21-15, akaporomoka ya pili 11-21, kisha akakosa ya tatu kwa 20-22. Akaenda kutafuta shaba kwa Axelsen, kijana wa miaka 22 wakati huo. Ya kwanza tena 21-15. Ya pili 10-21. Ya tatu 17-21. Wapinzani wawili wasiofanana kabisa, mchezo ukaanguka palepale. Mtu aliyesahau kucheza hachukui seti ya kwanza kwa Lee Chong Wei. Yule alikuwa na pumzi ya seti moja na nusu.

Sasa njoo Kuala Lumpur, Aprili 2019, fainali ya Malaysia Open. Ana miaka 35, anakutana na Chen Long, bingwa wa Rio. Seti ya kwanza anachapwa 9-21. Hapo ndipo wengi walizima simu, maana walishaona yaliyobaki. Waliozima walikosa 21-17 na 21-11, na mzee akabeba kombe. Wanaoiita ile 9-21 bahati mbaya wanachekesha. Kwa maoni yangu aliona seti imeshaponyoka akaiacha iende zake, hakufukuzia kinyoya kisichofukuzika, miguu akaiwekea kazi iliyokuwa mbele. Rio alimwaga nguvu zote mwanzoni. Kuala Lumpur alizibana.

Tunaye mtu wa namna hiyo hapa kwetu, mwalimu mstaafu ambaye Jumamosi huja na goti limefungwa bandeji, na dawa ya kuchua unainusa kabla hujamwona mwenyewe. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kinyoya kinakimbia kuliko kinavyokimbia Mombasa. Vijana wanapiga lobu, pigo la juu la kwenda nyuma, kwa mabavu na inatua nje kwa unyayo mzima. Mwalimu anagusa tu. Anadondosha kinyoya hapo mbele ya neti, anarudi katikati hatua moja, anasubiri. Akiona kijana ana moto seti ya kwanza, anamwachia, anatania, anaomba maji. Kazi anaianza ya pili. Ila mchezeshe mechi ya tatu mfululizo uone: siku hiyo hata mimi namfunga, na mimi si mtu wa kufunga watu.

Vijana wana haki yao mahali pamoja. Kombe lile la 2019 lilikuwa la mwisho, na baada yake mzee alitolewa mapema mara nyingi mno. Lakini hata hapo tuhesabu vizuri. Januari mwaka huohuo alipopoteza fainali ya Thailand Masters kwa Loh Kean Yew wa Singapore, walimcheka kwamba amefungwa na mtoto. Mtoto huyo alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2021. Na lawama kwamba alichoka kwa kucheza ovyo ovyo kila wiki hainiingii, kwa sababu ratiba si ya mchezaji peke yake. Walio 15 bora duniani hutakiwa na shirikisho la dunia wacheze mashindano makubwa karibu yote, na anayekosa bila sababu anatozwa faini. Kijana wa miaka 21 anaimeza ratiba hiyo. Mwenye miaka 35 inammeza yeye.

Sisi wa Bonde la Ufa ndio wa mwisho kupaswa kushangaa. Eliud Kipchoge aliposimama njiani kwenye marathoni ya Paris 2024 na kuwagawia watu viatu vyake, si tulimzika palepale? Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 40, alimaliza wa sita London kwa saa 2:05:25. Hakushinda, sawa. Wangapi kati yetu tuliomzika tulirudi kufukua?

Lin Dan mwenyewe aliondoka kwa sababu inayoeleweka. Nchi moja haipeleki zaidi ya wachezaji wawili wa singo, yaani mmoja kwa mmoja, Olimpiki, na China walikuwepo Chen Long na Shi Yuqi mbele yake. Korona ikaisogeza Tokyo hadi 2021. Akatangaza kwamba mwili na maumivu havimruhusu tena kupigana bega kwa bega na wenzake. Hapo sina ubishi, na sijamsikia shabiki yeyote akiubisha.

Kuhusu Rio ndiko sikubali. Angeondoka pale, asingemfunga Lee mbele ya Wamalaysia wenzake huko Kuching mwaka 2017, 21-19 na 21-14, na kubeba kombe la Malaysia Open lililokuwa limempiga chenga miaka yote. Asingefika fainali ya dunia Glasgow mwaka huohuo wala fainali ya All England, yale mashindano makongwe ya Uingereza, 2018. Zote mbili alizipoteza, najua, kwa Axelsen na kwa Shi Yuqi. Vijana waniletee orodha ya walio na miaka 33 au 34 waliofika huko, tuendelee Jumamosi.