Kila Nikikanyaga, Kushoto

Kwa vile sahibu yangu keshaituma kila kundi ile video ya mimi nikizunguka na kayaki, kimtumbwi changu chembamba cha kafi, mbele ya Fort Jesus, Mombasa, hata lile la maandalizi ya harusi ya dadangu, na mimi nisikilizwe. Sikuwa nimekula kitu. Wala halikuwa zoezi.

Waya wa usukani wa kayaki, ule unaotoka kwenye pedali ya mguu mpaka usukani ulioko nyuma, ulinikatikia upande wa kulia, palepale zinapopenda kukatikia: nyuma, unapopinda kushika mkono wa usukani. Nyuzi zake hufa mojamoja. Pitisha pamba juu ya waya; ikinasa, ujue zimeshaanza kukatika, na ubadilishe pande zote mbili. Nikanunua waya wa chuma kisichoshika kutu, milimita 1.5. (Nyinyi wa "tia waya wa breki ya baiskeli", nawajua. Maji ya bahari huula ule hata deni la dukani hujalipa.) Ncha nikaizungushia tepu kabla ya kukata, isichanuke, nikausukuma ndani ya mrija kutoka nyuma mpaka ukachomoza kwenye pedali. Pedali nikazifunga kwa ubao zikae sambamba, usukani umenyooka. Fundi kamili.

Ikaja kubana. Waya wapita ndani ya kipete cha shaba, yaani kijibomba kifupi cha kuubania, wapinda kufanya kitanzi, warudi kipete kilekile, ncha ichungulie kidogo, kisha wabana kwa koleo lenye tundu la kipimo hicho. Kipete cha alumini usikubali. Kikikaa na chuma kile kwenye chumvi, chaliwa. Koleo nililiazima. Nikabana kushoto, barabara. Kabla sijageukia kulia, jirani huyo, ataka koleo lake. Nikabana kwa plaisi. Kipete kikalala bapa, kikapendeza kwa macho, lakini plaisi hubapa tu, haiung'ati waya. Kitanzi hujaribiwa kwa kukining'inizia mtungi wa maji wa lita 20 na kuuacha. Mtungi ulikuwa na maji ya kuoga. Nikaoga.

Asubuhi nikateremka na maji yakitoka, kutoka Tudor, chini ya daraja la Nyali, raha mustarehe. Mbele ya Bandari ya Kale nikakanyaga kulia kukwepa mashua.

Mguu ukaenda.

Ukaenda, ukaenda, goti likanyooka, na huko nyuma nikasikia "tk", kidogo tu, mfano wa mtu anayevunja njugu. Waya umechomoka kwenye kipete. Sasa fahamuni: mwenye kupiga kafi hujikaza kwa miguu yote miwili. Kulia hakuna kinachozuia, kwa hiyo nguvu zote zaenda kushoto, na usukani wafuata. Nikiogopa nakaza, nikikaza nageuka, nikigeuka naogopa. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, imeona manowari za kila namna. Sidhani iliwahi kuona chombo kikiishambulia kisha kikaipa mgongo, kikaishambulia tena.

Ndani ya ile mashua mzee ananitazama. Adabu ni adabu. Nikaanza "shika—" tukiwa uso kwa uso, "—moo" ikatokea naelekea Mkomani. "Marahaba" nikaipokea kisogoni.

"Mwanangu, wenda wapi?"

"Kilindini, mzee!" Nilimjibu alipopita tena. Yaani nilipopita mimi.

"Kwa njia hiyo?"

Mabaharia wangu mtauliza: si uunyanyue usukani juu, uongoze kwa kafi? Ndiyo dawa yake. Wavuta kamba ya kuinulia, usukani walala juu ya sitaha, wapiga kafi mapana upande mmoja, wafika. Nikapeleka mkono kwenye kamba. Nikapapasa. Nikapapasa tena. Niliivua nipate nafasi ya kufanyia kazi, nikaiacha uani.

Hapo ndipo sahibu yangu, aliyekuwa ngazini akinywa kahawa, akatoa simu.

Mzee akanirushia kamba, akanikokota mpaka ngazini, hakutaka hata shilingi, akataka tu kujua nani kanifundisha. Nikamtaja jirani. Jioni nikalitafuta koleo upya, vipete viwili kila kitanzi, mtungi ukaning'inia usiku kucha, mimi sikuoga.

Kamba ya kuinulia bado sijaipata. Mama ashaanika mashuka juu yake, asema haijawahi kutokea kamba nzuri kama hii hapa nyumbani, na mimi nikatafute yangu dukani.