Namba ya ukurasa usiiandike kwa mkono

Mchoro wa umeme wa paneli ukiwa na kurasa tatu tu, krosi-refarensi, yaani namba inayokuambia sehemu nyingine ya kifaa imechorwa ukurasa gani, unaiona pambo, koili ya kontakta (swichi ya sumaku) ile pale, kontakti zake, yaani swichi zinazovutwa na hiyo koili, hizi hapa, macho yanatosha. Ngoja kazi ifike kurasa 40 sasa. Koili ya kontakta -K3 iko ukurasa wa 7, kontakti yake ya 13-14 (hizo ni namba za terminali, si kurasa) imekaa ukurasa wa 12 inawasha taa, ile ya 21-22 iko huko mbele inazuia mota ya pili isiwake, na fundi kasimama mbele ya paneli na makaratasi mkononi anajiuliza mbona mashine imegoma.

Mi zamani nilikuwa naandika mwenyewe. Naweka teksti pembeni ya kontakti, "/7.2", yaani ukurasa wa 7 safu ya 2, najiona mtaalamu kweli. Siku moja mteja akataka aongezewe pampu, nikachomeka ukurasa mpya katikati, basi kurasa zote za mbele zikasogea namba, ila zile teksti zangu zikabaki vilevile, zinadanganya bila aibu. Nilikesha nazirekebisha na bado mbili zikaniponyoka. Fundi ndo aliziona, na hakunipigia simu kunijulia hali.

Kwa hiyo siku hizi namba ambayo programu haijaihesabu yenyewe siitaki kwenye mchoro, heri pawe patupu. Kontakti isiyo na rejea mtu ataitafuta tu, atalalamika lakini ataipata, yenye rejea ya uongo inamtuma ukurasa ambao hauna kitu halafu anaanza kushuku waya.

Na wala si mambo ya programu za bei mbaya. QElectroTech ni ya bure, unaiambia alama hii ni koili, yaani mama, hii nyingine ni kontakti yake, unaziunganisha, ukihamisha kurasa namba zinajibadili zenyewe. Hata KiCad, ambayo ni ya bodi za elektroniki zaidi, ukiwasha seting yake lebo za global (majina ya waya yanayotambulika kurasa zote) zinakuonyesha kurasa nyingine zilipotumika.

Ila programu haisomi mawazo. Zile zinazounganisha kwa jina, ukiandika -K3 huku na K3 bila kistari kule, kwake hao ni watu wawili, na mara nyingi hata haipigi kelele. Ndo maana kabla ya kuprinti napitia kale kajedwali chini ya kila koili, kanakoorodhesha kontakti zake na kurasa zilipo. Kakiwa katupu nimekosea jina. Kakionyesha kontakti tatu za kawaida-wazi (zinazofunga koili ikipata umeme) na kontakta niliyoagiza inayo moja, hapo nimechora kitu ambacho hakifungiki.

Kitu kingine kinachonikera ni mishale. Laini ya 24V ikivuka kwenda ukurasa unaofuata, sawa, weka mshale wa kutoka na wa kuingia. Lakini kuna watu wanakata waya na kuurusha kwa mshale upande wa pili wa ukurasa uleule, eti mistari isipishane. Panga tu mchoro wako bana.