Simon van der Stel hasimuliki bila bibi yake

Masimulizi mengi ya Rasi ya Tumaini Jema, koloni la Waholanzi katika Afrika Kusini ya leo, humwonyesha Simon van der Stel kama kielelezo cha mlowezi wa Kiholanzi: kamanda aliyefika mwaka 1679, akaanzisha Stellenbosch na kuupa mji huo jina lake, akapanda mialoni, akastawisha mizabibu, kisha akamalizia uzee wake katika shamba lake kubwa la Constantia. Hayo yote ni kweli. Ninachopinga ni mahali masimulizi hayo yanapoanzia. Ukianza na meli inayotia nanga chini ya Mlima wa Meza utamwona mtawala tu, lakini ukirudi nyuma vizazi viwili utaiona familia yake, na historia ya familia hiyo inaeleza ukoloni wa Kiholanzi kwa undani kuliko orodha yoyote ya miji na mashamba aliyoyaacha.

Van der Stel alizaliwa baharini tarehe 14 Oktoba 1639, wazazi wake wakiwa safarini kwenda Mauritius, ambako baba yake, Adriaan van der Stel, alitumwa na Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India kuongoza kituo chake kichanga. Kisiwa hicho hakikuwa na wenyeji. Kampuni ilikitaka kwa sababu ya bandari yake na miti ya mpingo, na Adriaan ndiye aliyepeleka huko miwa na kulungu kutoka Java. Ndiye pia aliyevuka kwenda Madagaska kutafuta watumwa wa kukata miti hiyo. Baadaye alihamishiwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akauawa huko mwaka 1646. Kwa hiyo kabla mtoto hajatimiza miaka saba, familia ilikuwa tayari imefuata njia zote za Kampuni katika Bahari ya Hindi: ajira, mbao, utumwa na vita.

Mama yake aliitwa Maria Lievens. Maria alikuwa binti wa Hendrik Lievens, nahodha Mholanzi, na wa Monica da Costa, mwanamke wa India aliyewahi kuwa mtumwa. Huyo Monica ndiye bibi ninayemsema. Mjukuu wake alikulia Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, na huko hali yake haikuwa ya ajabu hata kidogo, kwa kuwa watumishi wengi wa Kampuni walizaa na wanawake wa Asia, na mtoto aliyetambuliwa na baba mwenye cheo aliweza kusoma, kurithi na kupanda ngazi. Tuzingatie sharti hilo la kutambuliwa na baba mwenye cheo, kwa sababu bila hilo mtoto wa aina hiyo hiyo alibaki mali ya mtu.

Akiwa kijana alipelekwa Uholanzi, na mwaka 1663 akamwoa Johanna Jacoba Six, binti wa ukoo wa Six uliokuwa na jina kubwa Amsterdam. Walipata watoto sita. Ndoa hiyo ilimfungulia milango ya watu waliokuwa na sauti ndani ya Kampuni, nami naamini ilichangia uteuzi wake kuliko ujuzi wake wa zabibu unaosifiwa sana. Hata hivyo, alipoteuliwa kuwa kamanda wa Rasi, Johanna hakusafiri naye. Alibaki Uholanzi, wakati dada yake Cornelia ndiye aliyeambatana na Simon na watoto. Mume na mke hawakuonana tena. Waandishi wengi hulipitia jambo hili kwa nusu sentensi, ilhali linaonyesha wazi kwamba koloni lile halikujengwa na familia kamili zilizohama pamoja kutafuta maisha mapya, kama masimulizi ya walowezi yanavyopenda kudai, bali na watu waliopangwa na kupanguliwa kulingana na mahitaji ya kampuni ya biashara.

Kazi yake katika Rasi ilikuwa kubwa, na sioni sababu ya kuipunguza. Alifika Oktoba 1679, na mwezi uliofuata alikuwa tayari amechagua bonde la Stellenbosch kwa ajili ya wakulima. Mwaka 1688 aliwapokea Wahuguenot, Waprotestanti waliokimbia mateso nchini Ufaransa, akawatawanya kati ya wakulima wa Kiholanzi makusudi ili wasijenge jamii yao peke yao. Kati ya mwaka 1685 na 1686 aliongoza msafara hadi milima ya shaba ya Namaqualand. Lakini ardhi aliyoigawa ilikuwa malisho ya Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa Rasi, na kila shamba jipya lilimaanisha kisima au uwanda ambao mifugo yao haikuweza kuufikia tena. Mwaka 1693 alimkamata Dorha, kiongozi wa Wakhoikhoi ambaye Waholanzi walimwita Klaas na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshirika wao mwaminifu katika biashara ya ng'ombe, akamfungia katika Kisiwa cha Robben. Zaidi ya miaka 270 kabla ya wafungwa ambao dunia nzima inawajua, kama Nelson Mandela, kisiwa kile kilikuwa kimeshaanza kazi hiyo.

Mwaka ambao ningependa kila msomaji aukumbuke ni 1685. Mwaka huo Kampuni ilimtuma kamishna Hendrik Adriaan van Reede kukagua Rasi. Katika ziara hiyo hiyo moja, van Reede alifanya mambo mawili yanayoihusu familia hii moja kwa moja. Kwanza, alimpa Simon shamba la Constantia, karibu hekta 760, ingawa Kampuni haikutaka maofisa wake wageuke kuwa wakulima wakubwa. Pili, alipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na wanawake walioachwa huru kutoka utumwani ambao hawakuwa na mzazi Mzungu. Wenye baba Mzungu waliruhusiwa kuolewa. Chini ya amri hiyo Maria angeweza kuolewa na Mholanzi katika Rasi. Monica asingeweza. Na aliyetawala Rasi chini ya amri hiyo alikuwa mjukuu wa Monica, ambaye mwaka 1691 alipandishwa cheo na kuwa gavana.

Hapo ndipo ninapotofautiana na makundi mawili. Wapo waliomfanya kuwa baba wa jamii ya Wazungu wa Afrika Kusini na kumnyamazia bibi yake. Katika enzi za ubaguzi wa rangi ukimya huo ulikuwa na faida ya wazi ya kisiasa. Wapo pia wanaomtangaza kwa fahari kuwa gavana wa asili mchanganyiko, kana kwamba damu ya Monica ilimfanya awe upande wa watumwa. Ushahidi hauungi mkono lolote kati ya haya. Ni katika mwaka aliofika ndipo jengo la kuwaweka watumwa wa Kampuni lilipojengwa mjini Cape Town, naye alitawala kama alivyotarajiwa na waajiri wake, kwa sababu kilichomweka upande wa watawala kilikuwa cheo cha babu yake, baba yake na wakwe zake.

Mwaka 1699 alistaafu, na mwanawe Willem Adriaan akashika nafasi yake. Mwana hakuwa na kiasi. Alijijengea shamba la Vergelegen kwa kutumia watumwa na vifaa vya Kampuni, naye na maofisa wenzake wakalihodhi soko la mvinyo, nyama na nafaka hadi mwaka 1706 wakulima huru 63, yaani wasioajiriwa na Kampuni, walipotia sahihi malalamiko dhidi yake. Alimfunga Adam Tas, mwandishi wa malalamiko hayo, lakini mwaka uliofuata wakurugenzi wa Kampuni walimvua madaraka na kumwita Uholanzi.

Ushindi huo wa wakulima husifiwa kama pambano la mapema la haki dhidi ya ufisadi, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Lakini pambano liliendelea kwenye karatasi hata baada ya gavana kuondoka, na katika maandishi ambayo Tas na wenzake waliyachapisha mwaka 1712 kumjibu gavana waliyemwangusha, walionya pia dhidi ya watu weusi na watu wa asili mchanganyiko waliokuwa wakiishi huru miongoni mwao, wakidai kwamba damu ya Hamu, mwana wa Nuhu aliyedhaniwa kuwa babu wa watu weusi, haiaminiki. Simon van der Stel alifariki Constantia mwezi Juni mwaka huo huo.