Msiba wa Wafaransa

Mdogo wangu alishanibatiza jina: Mchinjaji. Kila nikicheza lile gemu la vita vya Napoleon, yule mtawala wa Wafaransa, nashinda, lakini nabaki na mpiga ngoma mmoja na farasi anayechechemea. Nikaapa: safari hii hakuna mama Mfaransa atakayelia kwa sababu yangu.

Nikachagua kampeni ya mwaka 1812, ya kuivamia Urusi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Askari hufa wakipigana, basi nisipigane. Jeshi zima nikalirundika jimbo moja, asije mtu akaviziwa peke yake, nikatulia na chai yangu ya tangawizi.

Zamu ya kwanza wakapungua 8,000. Nikasema gemu bovu hili. Zamu ya pili 12,000, na bunduki haijalia hata moja! Mdogo wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, hao watu wanakula nini?"

Kumbe. Napoleon mwenyewe alivuka mto Niemen, mpakani mwa Urusi, mwezi Juni na watu zaidi ya 400,000, na kwenye vita vya Borodino, karibu na Moscow, mwezi Septemba, akafika na kama 130,000. Wapo aliowaacha njiani kulinda, ila njaa, joto na maradhi viliwala wengi kabla Mrusi hajawagusa. Na huyo ndiye aliyezoea kutembeza vikosi mbalimbali, kila kimoja kijitafutie riziki njia yake, kisha anavikutanisha siku ya vita. Mimi nimewakusanya wote kama wageni wa harusi, na mchele sijanunua.

Nikawatawanya. Hapo hapo wakatokea wapanda farasi wa Kirusi. Hili nalijua, bwana! Nikapanga kikosi mraba, singe nje pande zote, kama walivyofanya askari wa Wellington, jenerali wa Waingereza, kwenye vita vya Waterloo mwaka 1815. Farasi hajirushi kwenye ukuta wa visu. Na kweli hawakujirusha. Walisimama pembeni kwa adabu, wakisubiri mizinga yao ifike. Sasa mzinga ukikuta watu wamesongamana vile, ni kama mtoto aliyekuta bakuli la kaimati.

"Wamekufa! Wamekufa wote!"

Saa tano usiku. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, jirani akipiga chafya unamwitikia ukiwa kitandani kwako.

Mlango ukagongwa. Mama wa chumba cha pili, kanga mbili, machozi yameshaanza.

"Nani, baba? Nani?"

"Askari wangu, mama."

"Wa wapi?"

"Wafaransa."

Akakalia ndoo. "Wangapi?"

"Elfu tatu."

"Ya Rabi! Na maiti zinaletwa lini?"

Nilijaribu kumweleza. Nadhani alichoelewa ni kwamba nimechanganyikiwa kwa majonzi, maana alinikumbatia, kisha nikasikia khanga zake zikipita mlango hadi mlango ukumbini.

Asubuhi nilikuta mkeka umetandikwa kibarazani, birika la kahawa, na daftari la rambirambi. Zimeshachangwa shilingi 14,500. Mweka hazina ni mdogo wangu, kavaa kofia, uso umemshuka kabisa, anaitikia pole moja baada ya nyingine.