Washington 1936: wanyonge wa nchi kavu, vigogo wa majini

Tarehe 14 Agosti 1936, kwenye ziwa la Langer See huko Grünau, pembezoni mwa Berlin, mashua ya Marekani yenye wapiga makasia wanane na mshika usukani mmoja ilikata mstari wa mwisho kwa dakika 6 na sekunde 25.4. Italia ilifika kwa 6:26.0 na Ujerumani kwa 6:26.4. Baada ya mita 2,000 za kuvuta kwa nguvu zote, dhahabu, fedha na shaba ziligawanywa ndani ya sekunde moja, na Adolf Hitler alikuwa jukwaani akitazama. Waliotwaa dhahabu walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, wengi wao wakitoka katika familia za wakulima, wavuvi na wakata magogo zilizopigwa vibaya na mdororo wa uchumi wa miaka ile.

Tangu kitabu kilichowahusu kilipotoka mwaka 2013, na filamu ikafuata mwaka 2023, habari yao inasimuliwa kila panapohitajika kutia watu moyo. Toleo linalosikika zaidi ni fupi na tamu: vijana maskini wasiopewa nafasi na yeyote walijituma, wakawaangusha matajiri wa nyumbani na kisha dikteta ugenini. Naipenda sana habari hii. Lakini nadhani toleo hilo limekosea mahali muhimu, na kosa lake linafika mpaka kwenye fundisho tunalowapa vijana wa leo.

Tuanze na hili la kutopewa nafasi. Kama unapima kwa vigezo vya mchezo wenyewe, Washington hawakuwa wanyonge hata kidogo. Marekani ilikuwa imetwaa dhahabu ya mashua ya watu wanane katika Olimpiki nne mfululizo: 1920, 1924, 1928 na 1932. Mbili za mwisho zilichukuliwa na Chuo Kikuu cha California, mahasimu wakubwa wa Washington, waliokuwa wakipimana nao ubavu kila mwaka. Mwezi Juni 1936, kwenye mashindano ya vyuo vya Marekani huko Poughkeepsie, Washington walishinda mbio zote tatu kuu: ya wanafunzi wapya, ya kikosi cha pili na ya kikosi cha kwanza. Walipofika Berlin, kwenye mchujo waliwapiga Waingereza kwa 6:00.8, muda uliokuwa rekodi ya dunia. Mtu mwenye rekodi ya dunia hawezi kuitwa asiyepewa nafasi.

Tena nyuma yao kulikuwa na mashine kamili. Kocha wao, Al Ulbrickson, alikuwa mpiga makasia wa chuo hichohicho kabla ya kuwa kocha. Mashua yao, Husky Clipper, ilichongwa na George Pocock, fundi mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa na karakana palepale chuoni na ambaye mashua zake za mbao za mwerezi zilinunuliwa na vyuo vingi vya Marekani, vikiwemo washindani wa Washington. Yaani fundi bora wa nchi nzima alikuwa jirani yao, wakimuona kila siku.

Sasa geuza shilingi. Toka majini, panda nchi kavu, na unyonge unauona waziwazi. Joe Rantz, aliyekaa kiti namba saba, alifiwa na mama akiwa mtoto mdogo. Baba akaoa tena, hali ikawa ngumu, na Joe alipokuwa kijana wa shule, baba, mama wa kambo na wadogo zake waliondoka wakamwacha peke yake katika mji mdogo wa Sequim. Akajilisha kwa kuvua na kwa vibarua. Kiangazi cha 1935 alifanya kazi ya hatari kwenye ujenzi wa bwawa la Grand Coulee, akiwa ananing'inia kwa kamba kwenye ukuta wa mwamba na nyundo ya hewa mkononi, ili apate ada ya mwaka unaofuata. Si wote waliopitia hayo. Baba yake Bob Moch, mshika usukani, alikuwa fundi saa na sonara mjini Montesano. Lakini kikosi kilichofika Berlin hakikuwa cha watoto wa mabwanyenye, na kilijua hivyo.

Tukio linaloonyesha hilo kuliko yote halikutokea majini. Baada ya kushinda mchujo wa taifa huko Princeton, Washington waliambiwa kwamba kamati ya Olimpiki haina fedha: walipe wenyewe, la sivyo nafasi iende kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichotoka kukishinda, ambacho kilikuwa tayari kujilipia. Zilihitajika dola 5,000. Mwaka 1936, katika mji uliojaa watu wasio na kazi, hizo zilikuwa fedha nyingi sana. Magazeti ya Seattle yakapiga mbiu, wafanyabiashara na watu wa kawaida wakachanga, na ndani ya siku chache fedha zikatimia. Kila ninapoisoma sehemu hii hasira inanipanda, kwa sababu ushindi wa haki ulikuwa nusura uuzwe.

Siku ya fainali yenyewe iliwaongezea mzigo. Licha ya kuwa na muda bora kuliko wote, Marekani walipangiwa njia ya sita, iliyo wazi kabisa kwa upepo. Ujerumani na Italia walipewa njia ya kwanza na ya pili, karibu na ukingo uliowakinga. Don Hume, aliyekaa kiti cha kuongoza mapigo, ambaye wengine wote saba humfuata, alikuwa mgonjwa kiasi kwamba Ulbrickson alitaka kumpumzisha. Wenzake wakakataa kwenda bila yeye. Kisha upepo ukamfanya Moch asisikie vizuri amri ya kuondoka, mashua ikachelewa. Kwa sehemu kubwa ya safari walikuwa nyuma. Katika mchezo huu wapiga makasia hukaa wakiupa mgongo mwelekeo wanaokwenda, na mshika usukani ndiye pekee anayeona mbele. Kwa hiyo wanane wale walikuwa wakiongeza kasi, mpaka zaidi ya mapigo 40 kwa dakika, kwa kuiamini sauti ya mtu mmoja mdogo wa umbo aliyewaambia kwamba bado inawezekana.

Wanaotetea toleo la kawaida la habari hii wana hoja nzito hapa, na sitaki kuipunguza. Vikwazo vilikuwa vya kweli. Rekodi ya dunia haikumponya Hume wala haikuwakinga na upepo. Na kuna jambo ambalo takwimu za msimu haziwezi kulieleza: mtu kama Rantz, aliyejifunza tangu utotoni kwamba asimtegemee yeyote, alilazimika kujifunza kutegemea watu wanane kwa kila pigo. Mashua ya watu wanane haina nafasi ya nyota. Anayetaka kuonekana ana nguvu kuliko wenzake anaipunguzia mwendo, kwa sababu kasia lake linaingia majini kwa wakati tofauti na ya wenzake. Kikosi kile kilikuwa kikikutana kila baada ya miaka kumi kupiga makasia pamoja tena, na mwaka 1986, nusu karne baada ya Berlin, wazee waliokuwa bado hai waliingia tena kwenye Husky Clipper. Urafiki wa namna hiyo hauwezi kuwa wa kubuni.

Ila kuna mashua nyingine kwenye picha ile ambayo wasimulizi huipita haraka. Waitalia waliofika sekunde 0.6 nyuma yao walitoka Livorno, mji wa bandari. Walikuwa watu wa tabaka la chini, wakiwemo wafanyakazi wa bandarini, na baadhi ya vyuo na klabu tajiri za Ulaya wangewatazama kama vile matajiri wa vyuo vya pwani ya mashariki ya Marekani walivyowatazama vijana wa Seattle. Tena hawakuwa wageni wa machungu. Kwenye Olimpiki ya 1932 huko Los Angeles, klabu hiyohiyo ya Livorno ilikosa dhahabu dhidi ya California kwa sekunde 0.2. Ukijumlisha, ni sekunde 0.8 zilizowatenganisha na medali mbili za dhahabu.

Hapo ndipo hoja ya kwamba umaskini na bidii ndivyo vilivyoshinda inapoanza kuyumba. Livorno nao walikuwa na umaskini. Nao walikuwa na bidii. Walivuta katika maji yaleyale, tena kwenye njia nzuri zaidi. Kama tunasema mateso ya utotoni ndiyo yaliyompa Rantz nguvu ya kuvuka mstari kwanza, tutasema nini kuhusu vijana wa bandarini waliovuka wa pili? Walikuwa wanaichezea serikali ya Mussolini, ni kweli, na hilo limewafanya wafae zaidi kuwa maadui katika simulizi. Lakini mgongo wa mfanyakazi wa bandarini hauchagui serikali.

Kuhusu siasa, pande zote mbili zinastahili kusikilizwa. Upande mmoja unasema ushindi ule ulikuwa kofi kwa propaganda za Wanazi, na una sababu. Siku ile Ujerumani ilikuwa imeshinda mbio tano kati ya sita za makasia zilizotangulia, na mashua ya watu wanane ndiyo ilikuwa ya kufunga siku. Kunyang'anywa mbele ya Hitler na umati wa nyumbani kuliuma. Na Bob Moch, muda mfupi kabla ya kusafiri kwenda Ujerumani, alikuwa amejulishwa na baba yake kwamba ukoo wao ni wa Kiyahudi. Kijana huyo aliingia Berlin akijua hivyo moyoni, akashika usukani wa mashua iliyoshinda. Sioni namna ya kulisoma hilo bila kuguswa.

Upande wa pili unasema propaganda haikuumia hata kidogo, nami nauona una uzito zaidi. Ujerumani ilimaliza michezo ikiwa ya kwanza kwa dhahabu 33 dhidi ya 24 za Marekani. Wageni waliondoka wakisifia usafi na mpangilio wa Berlin, huku mabango ya kuwabagua Wayahudi yakiwa yameondolewa kwa muda tu. Wiki chache kabla ya ufunguzi, Waroma wa Berlin, jamii ambayo wengi waliiita Wagipsi, walikamatwa na kurundikwa kambini huko Marzahn, na mwezi uleule wa Julai ujenzi wa kambi ya Sachsenhausen ulikuwa umeanza kaskazini mwa jiji. Washindi, pamoja na walioshindwa, walisaidia tamasha lile lipendeze. Kulikuwa na watu Marekani waliotaka michezo isusiwe, wakashindwa, na hoja zao zimezeeka vizuri kuliko za wapinzani wao. Hilo si kosa la vijana tisa wa miaka ishirini na kitu. Lakini tunapoigeuza medali yao kuwa ushindi dhidi ya Unazi, tunajipa faraja ambayo historia ya miaka iliyofuata haikuitoa.

Turudi kwenye hamasa, maana ndiyo iliyofanya habari hii iishi. Ninachokipata mimi ndani yake ni hesabu ya nani aliwafungulia mlango. Chuo cha umma ambacho kijana asiye na kitu angeweza kukilipia kwa kibarua cha kiangazi. Mradi wa serikali wa bwawa uliompa kibarua hicho. Kocha aliyelipwa, karakana ya mashua, na mchezo ambao mwanafunzi mpya angeweza kuuanza bila kuwahi kushika kasia maishani. Mwisho, mji uliochanga dola 5,000. Ondoa kimojawapo, na Rantz anabaki Sequim na nguvu zake zote. Bidii yake ilikuwa ya lazima, lakini haikujitosheleza. Anayeisimulia bidii pekee anawaambia maskini wengine kwamba wakikwama ni kwa sababu hawakuvuta vya kutosha.

Na mlango ule haukuwa wazi kwa wote hata wakati huo. Wote tisa walikuwa weupe. Jesse Owens, aliyetwaa dhahabu nne Berlin siku chache kabla ya mbio zao, alirudi katika nchi iliyomtaka akae kando kwa sababu ya rangi yake. Wanawake hawakuwa na mbio za makasia za Olimpiki mpaka Montreal 1976, miaka 40 baadaye.

Leo mlango umebana upande mwingine. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walifichua mtandao wa rushwa ya kuingiza watoto wa matajiri kwenye vyuo vikubwa. Miongoni mwa mbinu zake, mabinti ambao hawakuwa wapiga makasia walipigwa picha wakiwa kwenye mashine ya mazoezi ya mchezo huo, kisha wakapewa nafasi ya kuingia chuo kimoja cha California kana kwamba ni wanamichezo walioteuliwa. Mchezo uliompandisha kijana aliyetelekezwa na familia yake umefika mahali ambapo wazazi wenye mamilioni wanaununua kama tiketi. Mashua ya Husky Clipper, wakati huohuo, imening'inizwa juu ya ukumbi wa kulia chakula wa wapiga makasia wa Washington, na vijana wanaokula chini yake wanatoka nchi nyingi, wengi wakiwa wameufundishwa mchezo huu tangu shuleni. Ningependa kujua ni wangapi kati yao walifika pale kama alivyofika Rantz mwaka 1933, bila kuwahi kukaa kwenye mashua ya mbio, wakihitaji tu mahali pa kuanzia.